Sifa za Wapimao Sumu

Macho ya mwanadamu ni shahidi mwema wa mambo mengi, lakini katika habari ya sumu ni shahidi dhaifu, kwa kuwa zile zinazoudhuru mwili kwa siri aghalabu hazina rangi, hazina harufu wala ladha, na huenda mtu akaikimbia takataka inayonuka mtaroni, na huku anakula na kuvuta, kwa amani ya moyo, kitu kilicho kibaya kuliko ile. Ashukaye Soweto East, ukingoni mwa Kibera, kuelekea Bwawa la Nairobi, hutishwa na yanayoonekana: lile bwawa lililojengwa mwaka 1953, ambalo mashua za tanga ziliwahi kushindana juu yake, leo limejaa tope na kufunikwa na gugu maji, maana Mto Ngong, ambao huko juu huitwa Motoine, hupita kwanza katika vijiji vya Kibera na kuchukua kila kilichotupwa ndani yake. Lakini kando ya maji hayo hayo nduma na sukuma wiki hustawi kwa kijani kinachopendeza. Je, majani yale yana madini ya risasi, au hayana? Pua haijui, ulimi haujui. Mkulima hajui, wala mama anayenunua fungu lake jioni arudipo kutoka kazini. Atakayejua, baada ya kazi ndefu, ni mpimaji. Nami naandika kwa kumsifu, kwa sababu naiona kazi yake kuwa miongoni mwa kazi za insafu kubwa katika zama zetu, na wanaoijua ni wachache mno.

Yafaa kwanza ifahamike ni nini anachokipima. Kuwapo kwa sumu mahali ni jambo moja, na kufika kwake mwilini ni jambo jingine. Baina ya mawili hayo ipo njia, na ustadi wote wa fani hii ni kuifuata njia hiyo bila kuruka hatua. Fundi huvunja betri kuukuu ya gari ili apate risasi iliyomo. Vumbi lake hushika suruali yake. Suruali huingia naye jioni katika chumba cha mabati cha futi kumi kwa kumi. Mtoto anayetambaa huweka kiganja sakafuni, kisha hukitia kinywani. Na mwili wa mtoto huifyonza risasi iliyomezwa mara nne au tano kuliko mwili wa mtu mzima, na huipokea wakati ubongo wake ungali unajengwa, hata madhara yake yakawa ya umri mzima. Mpimaji mwema hatosheki kuchota udongo wa uani na kutangaza kuwa umechafuka. Huuliza ni nani anayekaa juu ya udongo ule, kwa saa ngapi, mikono yake ikiwa na hali gani, na maji ya kunawa yananunuliwa kwa mtungi bei gani. Kisha hutafuta jawabu lake mahali pasipobishika, nalo ni damu.

Hapa Kibera kazi hiyo ilifanywa. Watafiti walipima damu ya watoto 387 wa chini ya miaka mitano, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 wakaeleza kuwa watoto 7 katika kila 100 walikuwa na mikrogramu 10 za risasi au zaidi katika kila desilita ya damu. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu, na desilita ni sehemu ya kumi ya lita; mtu asiyezoea hesabu hizi hucheka, akiuliza chembe kama hiyo itamfanya nini mtoto. Lakini kiwango hicho cha 10, ambacho wakati ule ndicho kilichochukuliwa kuwa mpaka wa hatari, Wamarekani walikishusha hadi 5 mwaka 2012 na hadi 3.5 mwaka 2021, na Shirika la Afya Duniani husema wazi kwamba hakuna kiasi cha risasi kijulikanacho kuwa salama. Watoto wale hawakubadilika. Kilichobadilika ni ujuzi wetu, na hesabu iliyoandikwa kwa uaminifu mwaka ule inaweza kusomwa upya kwa ujuzi wa leo, jambo ambalo malalamiko ya mdomo hayawezi kufanyiwa.

Nimesema kwa uaminifu, na hapa ndipo penye kiini cha sifa ninazotaka kuzitoa. Risasi imo katika vumbi la barabara, imo katika rangi za kuta, imo katika ngozi ya kidole kile kile kitakachochomwa sindano. Mpimaji asipokuwa na hadhari ataupima uchafu wa kidole na kuuita damu ya mtoto. Kwa hiyo kidole huoshwa kwa sabuni na maji, kikafutwa kwa spiriti, kikakaushwa kwa kitu kisafi, wala hakigusi tena nguo wala meza. Na anayetaka yakini zaidi huchukua damu ya mshipa wa mkononi, katika kichupa kilichothibitishwa kwanza kuwa hakina risasi. Tena hubeba vichupa vingine ambavyo havitatiwa damu ya mtu yeyote. Vichupa hivyo vitupu husafiri naye kutoka maabara, hufunguliwa katika vumbi lile lile, hufungwa kwa mikono ile ile, hukaa katika sanduku lile lile la barafu, na kurudishwa kupimwa kama kwamba vina kitu. Vikionekana kuwa na sumu, basi sumu ile ni ya mpimaji na vyombo vyake, na hesabu yake yote imeingia shaka. Kadhi mwadilifu huchunguza mwenendo wa shahidi kabla ya kuipokea shahada yake. Mpimaji ni kadhi anayejichunguza mwenyewe kwanza, kila siku, ijapokuwa hakuna anayemtazama. Sijui kazi nyingine ambayo mtendaji wake hubeba ushahidi dhidi ya nafsi yake mfukoni, akaulipia nauli.

Aliyeufundisha ulimwengu adabu hii ni Clair Patterson wa Marekani, ambaye katika miaka ya 1950 alikuwa akitafuta umri wa dunia kwa kupima risasi iliyomo katika vimondo, akaona hesabu zake haziungani kwa sababu risasi ya hewani na ya vyombo ilikuwa ikimwingilia kazini. Aliosha maabara yake, akaiosha tena, akatengeneza chumba kisichoingiza hata vumbi, mpaka mwaka 1956 akaupata umri huo, miaka bilioni 4.55. Ndipo alipotambua kwamba kile kilichomsumbua hakikuwa kero ya maabara yake peke yake, bali dunia nzima ilikuwa imechafuliwa, na kwamba vipimo vya wengi kabla yake vilikuwa vimepima uchafu wa wapimaji. Mwaka 1965 aliyaeleza hayo hadharani, na waliofaidika na petroli yenye risasi, iliyokuwa chanzo kikubwa cha uchafu huo, wakampinga kwa nguvu zao. Kenya iliiacha petroli hiyo ilipofika mwaka 2006, na mtoto wa Soweto East aliyezaliwa baada ya hapo ana deni la shukrani kwa mtu aliyekuwa akisugua sakafu ng'ambo ya bahari.

Hewa nayo ina mizani yake. Chembe ambazo wataalamu huziogopa zaidi ni zile zisizozidi mikromita 2.5, nyembamba takriban mara 30 kuliko unywele wa mtu, kwa hiyo hupita puani na kooni bila kuzuiliwa na kutua ndani kabisa ya mapafu. Kichujio chepesi hupimwa uzito maabarani, katika chumba ambacho joto na unyevu wake havibadiliki, kisha hutiwa katika kifaa chenye pampu ndogo. Mama hukivaa begani, mdomo wa mrija ukiwa karibu na pua yake, akaenda nacho sokoni, akapanda nacho matatu, akakitua kando anapowasha jiko la makaa au la mafuta ya taa, maana huko jikoni, mlango ukiwa umefungwa kwa mvua, ndiko aghalabu pumzi yake inakochafuka kupita kote alikopita mchana. Kesho yake kichujio hupimwa tena, na tofauti ya uzito ndiyo siku nzima ya mama yule. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Michael Gatari na wenzake wametumia miaka mingi kuviangaza vichujio vya jiji hili kwa miali ya eksirei, ili madini yaliyomo yajitaje, na kujua moshi ulitoka wapi: barabarani, jalalani, jikoni au kwenye udongo mtupu.

Wala si binadamu peke yake anayestahili kuulizwa. Unyoya wa ndege, wakati unapoota, hulishwa na damu. Ukikomaa mishipa yake hufunga, na zebaki iliyokuwamo damuni siku zile hubaki ndani yake. Watafiti wa Uswidi walikwenda kwenye makumbusho, wakapima manyoya ya kipanga waliokufa katika muda wa zaidi ya karne moja, wakaona zebaki ikipanda ghafla katika miaka ya 1940, wakulima walipoanza kuzipaka mbegu dawa yenye madini hayo. Mwaka 1966 dawa hiyo ikapigwa marufuku. Nami nikimtazama yule korongo mkubwa mwenye mfuko shingoni, anayesimama juu ya migunga ya Barabara ya Mombasa karibu na Uwanja wa Nyayo, ambaye riziki yake imo katika majalala yetu, siwezi tena kumdharau kwa sura yake. Unyoya wake mmoja ulioanguka ni barua kwa ajuaye kuisoma. Kuku naye ni hivyo hivyo. Katika ripoti iliyotolewa mwaka 2005, mayai ya kuku wa kienyeji waliokuwa wakidonoa karibu na jalala la Dandora yalikuwa yamepimwa, na dayoksini, sumu izaliwayo plastiki inapoungua, ikaonekana kupita mara kadhaa kikomo kilichowekwa na Ulaya. Sumu hiyo hupimwa kwa pikogramu, yaani gramu moja ikigawanywa mara milioni milioni. Wala sumu haikai mahali ilipozaliwa, maana mto unaopita chini ya Soweto East haukomi bwawani: huungana na Mto Nairobi, ukaingia Athi, ukageuka jina kuwa Sabaki, ukafika baharini karibu na Malindi, hata mvuvi wa pwani akawa jirani wa mtu wa Kibera bila ya kujuana.

Lakini kipimo kinachohitaji adabu kuliko vyote ni maziwa ya mama. Dawa za wadudu kama DDT hukaa katika mafuta ya mwili miaka mingi, na hushuka kwa mtoto anyonyapo. Kati ya mwaka 1983 na 1985 Laetitia Kanja na wenzake walikusanya maziwa ya akina mama wa sehemu mbalimbali za Kenya na kuyapima, wakaikuta DDT humo. Mwaka 1986 serikali iliikataza dawa hiyo mashambani. Ukimwomba mzazi kijiko cha maziwa yake, umechukua amana. Lazima umwambie mapema kwamba aendelee kunyonyesha, kwa kuwa faida ya maziwa yake ni kubwa kuliko hofu hiyo, na lazima umwambie, "Mama, majibu yakitoka nitayaleta mwenyewe," kisha uyalete. Wapo waliochukua damu katika mitaa ya maskini wakatoweka nayo, majibu yakasomwa katika kumbi za ng'ambo na wenye damu wasisikie neno. Hao nawaondoa katika sifa zangu, hata kama hesabu zao hazina kosa, kwa sababu njia ya sumu waliyoifuata hatua kwa hatua waliikatiza kabla ya mlango wa mwisho.

Tazama yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda kiliyeyusha betri ubavuni mwa nyumba za watu. Wakazi walilalamika kuhusu moshi na magonjwa, nao walisikizwa kama wasikizwavyo maskini. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa kiwandani humo, mwanawe alipougua akapimwa na kukutwa na risasi damuni, akatafuta watoto wengine nao wapimwe. Tangu hapo haikuwa tena habari ya mwanamke mwenye kelele, ilikuwa hesabu iliyoandikwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi wale walipwe shilingi bilioni 1.3, shauri ambalo baadaye lilipanda ngazi za rufaa.

Soweto East ina nafasi ambayo mitaa michache inayo. Baadhi ya watu wake walihamishwa mwaka 2009 kupisha ujenzi, na mwaka 2016 nyumba za ghorofa zilizojengwa mahali pao, 822, zikatolewa; wengine wamebaki katika udongo na mabati, hatua chache kutoka bwawani. Watoto wa pande mbili hizo wanacheza katika njia zile zile, wanakula mboga za soko lile lile, ila sakafu zao na majiko yao vimetofautiana. Apatikane mpimaji mwenye vichupa vyake vitupu, na wahudumu wa afya ya jamii wanaozijua nyumba kwa majina ya wenyewe, awapime wa juu na wa chini, mwaka hadi mwaka, na kila mzazi apewe majibu ya mwanawe kwa Kiswahili, kwa maandishi, yakiwa na jina la zahanati atakakopokewa.