Tasnifu ya Msomi na Wimbo wa Mwanakijiji

Mwanafunzi wa chuo kikuu anapomaliza shahada ya kwanza katika Kiingereza, akakubaliwa kuendelea na ya pili, huulizwa swali moja kabla ya mengine: utachunguza nini? Swali hili laonekana dogo, kama la karani wa masjala. Kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote atakayoulizwa baadaye, kwa maana jibu lake hutuonyesha anakusudia kumtumikia nani kwa elimu yake.

Tumtazame James Ngugi, ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Alipokuwa Makerere alimsoma kwa kina Joseph Conrad, Mpolandi aliyejifunza Kiingereza ukubwani na kukiandika kuliko wengi wa wenyewe. Mwaka 1964 akaenda Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza. Huko angaliweza kuchagua Milton au Dickens, wala hakuna ambaye angalimlaumu. Yeye alichagua waandishi wa visiwa vya Karibi, hasa George Lamming wa Barbados. Watu ambao babu zao walichukuliwa utumwani kutoka Afrika. Tasnifu hiyo hakuimaliza. Alirudi nyumbani bila shahada, ila riwaya yake *A Grain of Wheat* ilitoka mwaka 1967, na insha zake juu ya Wakaribi zikachapishwa mwaka 1972. Wako watakaosema kwamba alipoteza wakati. Sisi twaona kwamba ndiko alikojifunza kuitazama Afrika kwa macho ya wanaoitafuta.

Matunda yake hayakukawia. Tarehe 24 Oktoba 1968, yeye pamoja na Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walimu wa chuo cha Nairobi, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe. Hawakusema Shakespeare atupwe, kama walivyozuliwa na baadhi ya watu. Walisema Afrika iwe katikati, na fasihi za mataifa mengine zitazamwe kutoka hapo. Tena fasihi simulizi ipewe heshima yake. Baadaye idara ikageuzwa kuwa ya Fasihi, na wanafunzi wakaanza kwenda vijijini na vinasa sauti, kuwasikiliza bibi na babu ambao zamani hakuna profesa aliyewaita wasanii.

Hadi hapa twawapongeza. Lakini yafaa tuseme na lile linalotukera.

Tumepata kuzishika mkononi baadhi ya tasnifu za namna hiyo. Bibi ametoa hadithi yake kwa lugha yake, usiku, kwa hisani tu. Msomi ameichukua, ameitia katika Kiingereza, ameifafanua kwa kurasa mia mbili na majina ya wanazuoni wa Ulaya. Na maneno ya bibi mwenyewe yamewekwa nyuma kabisa, katika kiambatisho, tena si yote. Sisi tuliolelewa katika utungaji wa mashairi tunajua kinachopotea. Shairi la mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane kwa nane, lenye vina vya kati na vya mwisho, ukilitia katika lugha isiyokuwa na desturi hiyo hupati ila maana. Chicha imebaki, tui limekwenda. Na uchambuzi ukifanywa juu ya chicha, hata uwe wa werevu namna gani, utamu wa nazi hautajulikana.

Hata ule waraka wa mwaka 1968 uliandikwa kwa Kiingereza. Hatusemi hivyo kwa kejeli, maana Ngũgĩ mwenyewe aliiona kasoro hiyo, na mwaka 1986 alitangaza katika kitabu kwamba anakiaga Kiingereza katika maandishi yake.

Linganisheni na jambo hili. Mwalimu Nyerere hakuwa mtafiti wa fasihi ya Kiingereza. Hata hivyo alimfasiri Shakespeare: *Julius Caesar* mwaka 1963, akaurudia mwaka 1969 kwa jina *Juliasi Kaizari*, na mwaka huohuo akatoa *Mabepari wa Venisi*. Kwa hiyo mwanafunzi wa sekondari Songea aweza kumsoma Mwingereza wa kale kwa Kiswahili, ila uchambuzi wa ngano za bibi yake mwenyewe ataupata kwa Kiingereza, akiupata.

Wala hatuwezi kuambiwa kwamba elimu ya juu haibebeki katika lugha zetu. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970, na tasnifu zimeandikwa humo kwa Kiswahili, zikasahihishwa, zikatunukiwa shahada. Mwanafunzi wa Kiingereza hatumdai hayo yote, kwani taratibu za idara yake ni nyingine. Twamdai nyimbo ziwekwe mbele, kwa lugha ya waliozitoa, na tafsiri ifuate. Tena, akiisha kutunukiwa, apeleke nakala katika shule ya kijiji kile alikozinasa. Hilo halihitaji kibali cha baraza la chuo, na shule ile ina kabati.