Tarakimu kwenye Kadi ya Kaseti

Kinasasauti, yaani chombo kinachohifadhi sauti ili isikilizwe baadaye, husifiwa na wengi kwa usafi wa sauti yake, lakini fundi aliyekizoea hukithamini pia kwa vitu viwili vidogo: rimoti, ambayo ni kidude cha kukiamuru bila kukigusa, na kihesabio, yaani kidirisha cha tarakimu kinachoonyesha kazi imefika wapi.

Faida ya rimoti hudhihirika zaidi sebuleni kuliko studioni. Mzee anapoketi kusimulia, tuseme katika mojawapo ya nyumba za zamani za Lavington, mtaa wa Nairobi uliokulia kando ya mashamba ya kahawa ya misheni ya Mtakatifu Austin iliyoanzishwa mwaka 1899, mkono unaonyooshwa kubonyeza kitufe humfanya akatize maneno na kukitazama chombo, naye akishakitazama huacha kusimulia, akaanza kuhutubia. Isitoshe, kitufe chenyewe hulia, na maikrofoni iliyo karibu hukinasa kilio hicho kama inavyoinasa sauti ya mzee. Fundi mwenye adabu ya kazi huificha rimoti kiganjani, juu ya goti, macho yake yakiwa kwa msimulizi, kidole gumba kikingoja. Ustadi wote umo katika kungoja huko, kwa kuwa mzee aliyenyamaza huenda anakumbuka, na anayekizima kinasa wakati huo hulizima neno lililokuwa njiani.

Kihesabio cha vinasa vya kaseti kilikuwa na tarakimu tatu zilizoanzia 000, nazo hazikuhesabu dakika bali mizunguko ya gurudumu linalopokea utepe. Na kwa vile gurudumu hilo hunenepa kadiri utepe unavyojikunja, tarakimu zilikwenda mbio mwanzoni na kujikokota kuelekea mwisho, hata 100 za kwanza zikawa na muda mfupi kuliko 100 zilizofuata. Mafundi waliishi na hitilafu hiyo kwa kuandika. Kaseti ya C-60, yenye dakika 30 kila upande, ilikaa na kadi yake ya penseli: 047, jina la babu, 112, mwaka wa njaa, 118, mvua juu ya mabati, 203, wimbo. Kadi hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Hugh Tracey, aliyerekodi nyimbo za Wakipsigis mwaka 1950 na kuanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika nchini Afrika Kusini mwaka 1954, aliziandikia rekodi zake kadi za maelezo, na bila maelezo ya namna hiyo wimbo hauwezi kurudishwa kijijini ulikoimbwa.

Leo kidirisha huonyesha saa, dakika na sekunde bila kukosea, na hakuna anayeziandika. Simu huwekwa mezani, ikaachwa inase saa mbili mfululizo, kisha sauti hiyo hulazwa chini ya jina la tarehe tu, pamoja na mamia ya nyingine ambazo aliyezinasa mwenyewe hatazisikiliza. Huko Lavington nyumba za bustani zinabomolewa kupisha maghorofa, mashine za kukoroga zege zinanguruma tangu asubuhi, na droo zinapomwagwa kabla ya kuvunjwa kuta hutoka kaseti zilizopoteza kadi zake. Mara chache kadi nayo hutoka, penseli imefifia, 203 bado inasomeka, ila kinasa kilichohesabu 203 hiyo kwa mizunguko yake kilikwisha kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.