Orodha ya Mambo ya Muungano

Tumeisoma Katiba ya mwaka 1977, hasa Nyongeza ya Kwanza, iliyo na orodha ya Mambo ya Muungano. Twaisifu kwa kuwa imeandika mpaka, maana mpaka usioandikwa huzaa ugomvi. Mwaka 1964 mambo yalikuwa 11. Sasa ni 22. Ulinzi, uraia na sarafu yamo. Hata gesi asilia imo, kama ile ya Songo Songo, kisiwa cha Kilwa yetu. Shule za watoto na zahanati hazimo; basi Zanzibar hujiamulia hayo kwa Serikali yake na Baraza lake la Wawakilishi.

Kasoro twaiona huku kwetu. Tukiuliza hapa Miteja, “Yasiyo ya Muungano huku Bara ni ya nani?” Ibara ya 34 yajibu: ni ya Serikali ile ile ya Muungano. Mtu mmoja amevaa kanzu mbili, na mwenye shauri hajui anasema na yupi. Tume ya Jaji Warioba ilishauri mwaka 2013 ziwe Serikali tatu. Bunge Maalum la mwaka 2014 likarudia mbili.

Wahofiao gharama ya Serikali ya tatu wana neno la haki, wala hatuwabezi. Lakini Halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Basi yatupasa kuisoma orodha hii wenyewe, ili tujue mlango wa kubisha.