Kutoka Majengo hadi Upper Hill: protini zilipimwaje?

Habari za wanawake wa Majengo, Nairobi, waliofanya biashara ya ngono miaka na miaka bila kuambukizwa virusi vya ukimwi husimuliwa kama muujiza. Mimi huvutiwa zaidi na kipimo: nini kilipimwa, na kililinganishwa na nini.

Wanawake hao walianza kufuatiliwa mwaka 1985. Kliniki ilikuwa Majengo, Pumwani. Sehemu ya kazi ya maabara ilifanywa Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye uwanja wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kule Upper Hill, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada. Mwaka 1996 Keith Fowke na wenzake walitoa hesabu katika jarida la Lancet: kati ya 424 walioingia bila virusi, 239 waliambukizwa. Baadhi ya waliosalia walipitisha miaka mitatu na zaidi wakiwa salama.

Kilichowakinga kingeweza kutafutwa kwenye jeni au kwenye protini. Jeni huonyesha kile ambacho mwili unaweza kutengeneza. Protini ni kile ulichokwisha kutengeneza, mahali fulani, siku fulani. Ndiyo maana Adam Burgener na wenzake, katika makala za 2008 na 2011, waliigeukia protiomiki, yaani upimaji wa protini nyingi kwa pamoja. Walichukua majimaji yaliyooshwa kutoka mlango wa kizazi, pale pale virusi vinapoingilia. Katika kazi ya namna hii protini hukatwa kwa kimeng'enya cha tripsini, ambacho hukata penye asidi-amino za laisini na ajinini tu, kwa hiyo vipande vyake vinatabirika. Mashine iitwayo spektrometa huvipima uzito, kisha kompyuta huulinganisha na orodha ya protini zote za binadamu. Utafiti wa 2011 ulitumia sampuli za watu 293, ukatambua protini zaidi ya 360. Zilizotofautiana mara mbili au zaidi zilikuwa 41, na miongoni mwa zilizoongezeka, kundi kubwa lilikuwa la vizuizi vya vimeng'enya vikata-protini: serpini na sistatini.

Heko yangu naitoa kwa ulinganisho. Wangewachukua wanawake wa maofisi ya Upper Hill, tofauti ingeletwa na shahawa, maambukizi mengine na uvimbe wa mara kwa mara. Walilinganisha na wenzao wa kazi ile ile. Kisha baadhi ya protini walizithibitisha kwa kipimo kingine, cha kingamwili. Bila hayo, mashine ya mamilioni ingetoa orodha tu.

Sasa tuje kwenye mawasiliano ya seli, yaani ishara zinazopita ndani yake na kuwasha au kuzima jeni. Baadhi ya vizuizi vya aina hii hutuliza uvimbe. Kizuizi kingine, elafini, ambacho si serpini wala sistatini, huzuia njia ya NF-kappa-B, inayowasha jeni za uvimbe. Na virusi vya ukimwi navyo vina sehemu za kuipokea NF-kappa-B ili vijizalishe. Seli iliyotulia haivifai. Mwaka 2010 Paul McLaren na wenzake walionyesha kwamba seli za CD4, zile ambazo virusi hivi hushambulia, za wanawake hawa zimetulia kweli.

Hadithi inashikana, lakini kuna pengo. Majimaji yako nje ya seli. Ishara inapita ndani. Tena ishara nyingi husafiri kwa protini kubandikwa fosfeti, bila wingi wake kubadilika. Spektrometa huiona fosfeti, kwa kuwa huongeza takriban daltoni 80, ila vimeng'enya huibandua upesi sampuli isipogandishwa au kutiwa dawa ya kuvizuia. Hebu fikiria sampuli hiyo imekwama kwenye foleni ya magari kati ya Pumwani na hospitali. Kwa hiyo katika makala za Burgener ishara ilikisiwa kutokana na majimaji, yenyewe haikuonekana.

Lipo pia swali la chanzo. Shehzad Iqbal na wenzake, 2009, walionyesha kwamba wenye elafini nyingi ndio waliokuwa na kinga zaidi. Hata hivyo Rupert Kaul na wenzake, 2001, walikuwa wameona kwamba baadhi ya waliodhaniwa sugu waliambukizwa baada ya kupunguza kazi. Je, protini hizi mwanamke huzaliwa nazo, au huletwa na kazi? Jibu linahitaji majimaji ya mwanamke yule yule, kabla ya kupunguza kazi na baada yake.