Kijivu Kinasema Nini? Uhakiki wa Rangi kama Ishara ya Hali ya Visanduku vya Fomu katika Programu za Ofisini

Ikisiri

Makala haya yanahakiki desturi ya kutumia rangi ya mandharinyuma kuonyesha hali ya visanduku vya kujazia katika programu za kompyuta za mezani. Hoja yake ni kwamba rangi moja, hasa kijivu, hubebeshwa hali tatu zisizofanana, ilhali vitenzi vya Kiswahili vinaweza kuzitenganisha hali hizo kwa neno moja au mawili. Mifano imetokana na Windows, programu za Oracle na Microsoft, na fomu za karatasi.

Utangulizi

Fomu ya karatasi ya ofisi ya umma mara nyingi huwa na sehemu iliyotiwa kivuli chepesi. Juu ya kivuli hicho huchapwa maneno: "Kwa matumizi ya ofisi tu." Mwombaji hahitaji kufundishwa maana ya kivuli, kwa sababu maneno yamekwisha kumweleza ni nani anayeruhusiwa kuandika hapo. Fomu ya namna hiyo inapohamishiwa kwenye kompyuta, kivuli huhama nayo. Maneno aghalabu hubaki kwenye karatasi.

Sisi watafiti wa lugha tumezoea kuhakiki matini za maneno. Skrini ya fomu nayo ni matini, na rangi yake ni sehemu ya usemi wake. Inastahili kuulizwa maswali yaleyale: nani anasema, anamwambia nani, na je, anaeleweka?

Rangi iliyofuata sifa

Desturi hii ni ya zamani kuliko Windows. Mitambo ya IBM ya aina ya 3270, iliyotoka mwaka 1971, iligawa skrini katika visanduku vilivyolindwa na visivyolindwa. Mtambo wa rangi wa 3279, uliofuata mwaka 1979, ulikuwa na utaratibu wa msingi wa rangi nne: kijani kwa kisanduku kinachoandikika, nyekundu kwa kinachoandikika chenye mkazo, buluu kwa kilicholindwa, na nyeupe kwa kilicholindwa chenye mkazo. Hizo zilikuwa rangi za herufi, si za mandharinyuma, lakini zilikuwa na fadhila ambayo warithi wake wengi wameipoteza. Rangi ilizaliwa na sifa ya kisanduku. Mtayarishaji aliyefuata utaratibu huo hakuchagua buluu. Alichagua kukilinda kisanduku, na buluu ikafuata.

Kijivu kimoja, hali tatu

Katika Windows, kisanduku cheupe hualika kuandikwa na kisanduku cha kijivu hukataa. Mpaka hapo hakuna lawama. Tatizo huanza tunapouliza kwa nini kinakataa. Huenda kimezimwa kwa sababu mtumiaji hana mamlaka. Huenda ni cha kusomwa tu, kama namba ya jalada iliyotolewa na mfumo wenyewe. Huenda kinangoja kingine kijazwe: wilaya haifunguki mpaka mkoa uchaguliwe. Kila sababu inadai hatua yake. Wa kwanza amwendee msimamizi, wa pili anakili namba na kuendelea, wa tatu arudi juu akachague mkoa.

Mkanganyiko huu umo katika mfumo wenyewe. Ndani ya Windows, kisanduku cha maandishi kilichozimwa na kile cha kusomwa tu huomba rangi kwa ujumbe mmoja, WM_CTLCOLORSTATIC, ambao ndio unaotumiwa pia na lebo, yaani maandishi yasiyojazwa na mtu. Kisanduku kinachojazika kina ujumbe wake tofauti. Tofauti iliyobaki kati ya hivyo viwili hukaa kwenye herufi na kwenye tabia: kilichozimwa hufifisha herufi zake na hakifikiki kwa kitufe cha Tab, ilhali cha kusomwa tu huacha herufi zisomeke, na maandishi yake yanaweza kuchaguliwa na kunakiliwa.

Tofauti hiyo si ndogo. Tuchukue karani wa masjala anayetaka kuihamishia namba ya jalada kwenye barua. Ikiwa mtayarishaji alikizima kisanduku badala ya kukifanya cha kusomwa tu, karani ataiandika namba upya, tarakimu kwa tarakimu, na siku moja atakosea. Mandharinyuma ya kijivu haikumwonya. Mtumiaji asiyeona hupoteza zaidi: anayesogea kwa Tab akisikiliza kisoma-skrini hukiruka kisanduku kilichozimwa, asijue hata kwamba kipo.

Wapo waliojaribu kupanua msamiati huu. Katika fomu za Oracle E-Business Suite, kisanduku cha lazima hupewa manjano, na fomu inapoingia katika hali ya kutafuta rekodi, visanduku vinavyopokea vigezo hugeuka buluu. Uamuzi wa buluu nausifu, kwa sababu unaonya juu ya hali ya fomu nzima. Manjano hainiridhishi. Ni makubaliano ya nyumba moja, na jirani haifungwi nayo. Microsoft Access humruhusu yeyote anayeunda fomu kuweka rangi ya mandharinyuma kwa sharti, likiwemo sharti la kishale kuwamo ndani ya kisanduku. Hivyo manjano ya idara moja ni "lazima", na ya idara ya pili ni "hapa ndipo ulipo". Kila idara inakuwa na kamusi yake ya rangi, isiyoandikwa popote.

Kuhusu nyekundu nitasema kidogo tu. Fomu inayofunguka ikiwa na visanduku vyote vya lazima vyekundu kabla mtu hajagusa kitu inamkaripia mgeni ambaye bado anapiga hodi.

Kiswahili kina nini cha kutoa?

Kiingereza na Kifaransa vyote viwili vimeunda kitenzi kutokana na jina la kijivu ili kueleza chaguo lililozimwa. Mfasiri wa Kampala au Bujumbura, aliyejifunza kompyuta kwa mojawapo ya lugha hizo, ana kishawishi cha kuandika "kisanduku kimetiwa kijivu" na kuamini kwamba amefasiri. Hajafasiri hali, ametaja rangi.

Rangi nazo ni msingi dhaifu wa maelekezo katika Kiswahili. Nyeupe, nyeusi na nyekundu zina mashina yanayopokea upatanisho: kisanduku cheupe, cheusi, chekundu. Nyingine nyingi tumezichukua kwa vitu: jivu, majani, kahawa, zambarau. Ukimwambia mtu kwa simu "jaza visanduku vya manjano", naye anatazama skrini iliyochakaa ambayo manjano yake hafifu yamekuwa kama maziwa, atakujibu kwamba havipo. Atakuwa mkweli.

Utajiri wetu umo katika kitenzi. "Kimefungwa" ni kauli ya kutendwa: yupo aliyekifunga, na mtumiaji anaweza kuuliza ni nani. "Hakiandikiki" ni kauli ya kutendeka: ndiyo tabia ya kisanduku, wala hakuna wa kuulizwa. "Hakijafunguliwa" hubeba kiambishi -ja-, kinachodokeza kwamba jambo bado linatarajiwa, na hapo mtumiaji anajua kwamba ipo hatua ya kukifungua. Kuna na "hakihusiki", kwa mfano kisanduku cha jina la mwenzi kwa mwombaji asiye na ndoa. Mofolojia hii inatenganisha yale ambayo kijivu kimeyachanganya, na neno lenyewe haliongezi msongamano mkubwa kwenye skrini. "Hakijafunguliwa: chagua mkoa kwanza" huenea ndani ya kisanduku cha kawaida.

Najua hoja ya upande wa pili. Fomu ya visanduku 60 haiwezi kusomwa neno kwa neno kila siku, na jicho lililozoea hunufaika na rangi. Nakubali, na sidai rangi iondolewe. Nadai isiachwe peke yake.

Rangi inapovunjika

Sababu ya kudai hivyo ni ya kiufundi pia. Windows ina hali ya utofautishaji wa juu kwa watu wenye uoni hafifu, ambapo rangi za mfumo hubadilishwa, mathalani herufi nyeupe juu ya nyeusi. Mtayarishaji aliyeweka mandharinyuma ya manjano hafifu kwa mkono wake, akaiacha rangi ya herufi kwa mfumo, atampa mtumiaji huyo herufi nyeupe juu ya manjano hafifu. Kisanduku cha lazima ndicho kitakachokuwa hakisomeki.

Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008 ulikwisha kukataza rangi kuwa njia pekee ya kuonekana inayobeba taarifa. Kiwango cha Ulaya cha EN 301 549, kilichotolewa kwanza mwaka 2014, kilipeleka masharti ya aina hiyo hadi kwenye programu zisizo za wavuti, na kililengwa hasa kwa ununuzi wa umma. Hata hivyo WCAG inavisamehe visanduku visivyotumika sharti la utofautishaji wa 4.5 kwa 1. Msamaha huo naupinga. Namba ya jalada ndani ya kisanduku kilichozimwa bado ni namba ambayo mtu anahitaji kuisoma.

Kwa washauri wa sera

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda likaidhinisha hatua kama hiyo Julai 2022. Ofisi zitakazofasiri mifumo yake zitaletewa orodha za istilahi, na kwa kuwa rangi si neno, haitakuwamo katika orodha hizo. Hapo ndipo pa kuingilia. Hati ya zabuni itaje kwamba kila hali ya kisanduku iwe na neno lake la Kiswahili linaloonekana na linalosikika kwa kisoma-skrini, na orodha ya istilahi itenge angalau "kimefungwa", "kinasomwa tu", "hakijafunguliwa", "hakihusiki" na "lazima".

Kabla ya kuupokea mfumo, fomu zake zichapwe kwa nyeusi na nyeupe, apewe karani ambaye hakuhudhuria mafunzo, naye aulizwe kuhusu kila kisanduku asichoweza kukijaza: kimefungwa na nani, na nini kitakifungua.