Urithi Usiogawika: Mtoto wa Jagina katika Mighani za Ziwa na Pwani

1.0 Utangulizi

Katika mighani nyingi za Afrika Mashariki, jagina huzaliwa kwa ajabu, huishi kwa ajabu na kufa kwa ajabu. Mtoto wake, hata hivyo, hutajwa kwa nadra. Na anapotajwa, aghalabu huwa ama ndiye msaliti ama ndiye kafara. Makala haya yanachunguza nafasi ya mtoto huyo katika mighani, na pia katika hadithi fupi ya kifantasia ambayo humchukua mtoto huyo na kumfanya mhusika mkuu. Swali la msingi ni moja: mtoto wa jagina hurithi nini?

Swali hili si la anasa. Riwaya ya Rick Riordan, The Lightning Thief (2005), iliwachukua watoto wa miungu ya Wayunani ikawaingiza katika shule na miji ya Marekani ya leo, na kielelezo chake kimeigwa katika pembe nyingi za dunia. Katika kielelezo hicho mtoto hurithi nguvu. Damu ya mzazi ndiyo silaha yake, na safari yake yote ni safari ya kuitambua damu hiyo. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kumwandikia kijana hushawishika kukiazima kielelezo hicho na kubadilisha majina tu, Poseidon akawa Nyamgondho na Zeus akawa Luanda Magere. Hoja ya makala haya ni kwamba uazimaji wa namna hiyo huipotezea mighani kiini chake. Mighani za ziwa na za pwani hazisemi kwamba mtoto wa jagina hurithi nguvu. Zinasema kwamba hurithi deni.

2.0 Mwambao wa Sori na mighani zake

Sori ni mji wa wavuvi katika ghuba ya Karungu, kaunti ya Migori, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Kaskazini mwake, kwenye mwambao huo huo, msafiri huingia Gwassi katika kaunti ya Homa Bay, na huko Nyandiwa ndiko panapoonyeshwa mahali pa Nyamgondho wuod Ombare. Upande wa bara, katika Nyatike, zimesimama kuta za Thimlich Ohinga, zilizopangwa jiwe juu ya jiwe bila ya saruji, ambazo UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Kanyamwa, katika Ndhiwa, ni kwao Gor Mahia, mganga anayesimuliwa kuwa aliweza kujigeuza maumbo, na ambaye jina lake lilipewa klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968. Mtoto wa Sori, basi, hukua amezungukwa na majagina kila upande.

Kisa cha Nyamgondho hujulikana sana. Mvuvi maskini alivuta wavu akamkuta ndani yake mwanamke mzee. Akamchukua nyumbani, akamtunza, naye mwanamke akamletea baraka: zizi likajaa ng'ombe, boma likajaa watu. Utajiri ukamlevya Nyamgondho kabla ya pombe kumlevya. Usiku mmoja akarudi amelewa, akamtukana mwanamke yule kwa kumkumbusha kwamba alimwokota ziwani. Mwanamke akaondoka kimya kuelekea majini, na kila kilichokuja naye kikamfuata: ng'ombe, mbuzi, kuku. Nyamgondho akakimbia nyuma yao akisihi, akafika ukingoni, akaegemea mkongojo wake, na papo hapo akageuka mti.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. La kwanza ni jina. Wuod Ombare maana yake ni mwana wa Ombare; jagina huyu anajulikana kwa kuwa mtoto wa mtu, ilhali mtoto wake mwenyewe hana nafasi katika kisa. Nasaba inatoka nyuma, inamfikia yeye, inakatika. La pili ni lugha. Gwassi ni nchi ya Wasuba, ambao wengi wao kwa vizazi kadhaa wamehamia katika Kijaluo. Kisa chenyewe, kwa hiyo, kimekwisha kuvuka kutoka kinywa cha lugha moja hadi kinywa cha lugha nyingine kabla ya kufika katika Kiswahili cha darasani na cha sokoni. Haiwezekani kudai kwamba mwandishi wa Kiswahili ni mgeni aliyeingia katika nyumba iliyofungwa. Kinachoweza kudaiwa ni kwamba aingie kwa adabu, ajue kilichowekwa wapi na kwa nini.

3.0 Jagina asiyezikwa

Ukilinganisha kisa cha Nyamgondho na visa vingine viwili mashuhuri, kuna mfanano ambao haujapewa uzito wa kutosha. Luanda Magere, shujaa wa nyanda za Kano, alikuwa na mwili wa jiwe usiopenywa na mkuki. Siri yake ilikuwa katika kivuli chake. Mke wake wa Kinandi alipoigundua siri hiyo na kuipeleka kwa watu wake, kivuli kilichomwa mkuki, shujaa akaanguka, na mwili wake ukawa mwamba ambao huonyeshwa hadi leo na ambao wawindaji husemekana kunolea silaha zao. Fumo Liyongo wa pwani ya kaskazini, katika utenzi ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913, alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, akatoka hadi kisimani, akapiga goti na kuvuta upinde, akafa katika hali hiyo. Watu wakaogopa kuteka maji kwa siku kadhaa, wakidhani yu hai, mpaka mama yake alipoletwa kumbembeleza.

Mti, mwamba, na maiti iliyopiga goti: majagina wote watatu hawalali. Mwili unabaki wima, au unabaki kama kitu cha nchi, na maziko ama hayafanyiki ama yanacheleweshwa. Jambo hili si pambo la kisa. Katika jamii zinazohusika, maziko ndiyo mlango wa mirathi. Mtu huzikwa kwanza, kisha hugawanywa alichoacha. Uzito wa jambo hili kwa Wajaluo ulidhihirika mbele ya taifa zima katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 na kuzikwa Mei 1987 baada ya mvutano mrefu mahakamani. Kwa Waislamu wa pwani, sheria ya mirathi inataka maiti azikwe na madeni yalipwe kabla ya warithi kupewa fungu lao.

Hapa ndipo penye ufunguo wa ukimya wa mighani kuhusu watoto. Jagina asiyezikwa huacha mirathi isiyoweza kugawanywa. Nguvu zake haziendi kwa yeyote: jiwe la Magere haliingii katika mwili wa mwanawe, linabaki uwanjani linoe visu vya kila mpitanjia. Mali ya Nyamgondho haigawanywi kwa wanawe. Inarudi majini ilikotoka. Kinachobaki ni mahali, pamoja na aibu au fahari inayoambatana na mahali hapo. Methali isemayo kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta inafaa kwa mafundi, maana ufundi hurithika kwa kazi. Ujagina haumo katika methali hiyo.

4.0 Mtoto kama msaliti na mtoto kama kafara

Mwana wa Liyongo ndiye mtoto wa jagina anayejulikana zaidi katika fasihi ya Kiswahili, ingawa hukumbukwa kwa nasaba na tendo lake kuliko kwa jina lake. Sultani wa Pate alimlaghai kwa ahadi ya mke na cheo. Naye akaenda kwa baba yake kuuliza kinachoweza kumuua. Uzito wa kisa haumo katika ulaghai huo, bali katika jibu. Liyongo alitambua kwamba mwanawe ametumwa, na bado akamwambia. Baba ndiye aliyemkabidhi mwana sindano. Baada ya tendo, mwana hakupata mke wala cheo, aliugua, akafa. Hivyo mtoto huyu alirithi kitu kimoja tu kutoka kwa baba, yaani siri ya kifo chake, na siri hiyo ndiyo iliyomwangamiza yeye pia.

Upande wa ziwa, mtoto aliye kinyume chake ni Oganda, binti wa mtemi Labong'o, katika hadithi fupi ya Grace Ogot "The Rain Came", iliyomo katika mkusanyiko wake wa Land Without Thunder (1968). Mvua imekoma, mganga wa mvua ameagizwa kwamba Oganda atolewe kwa zimwi la ziwani. Mtemi analia kama baba na kutii kama mtemi. Watu wanasherehekea, kwa kuwa kifo cha binti mmoja ni uhai wao wote. Oganda anakwenda peke yake mpaka ukingoni, na hapo anaokolewa na mpenzi wake Osinda. Wanatoroka, na mvua inanyesha.

Mwisho huo ndio unaoitenga hadithi ya Ogot na mighani zote zilizotajwa hapo juu. Deni halikulipwa kwa namna iliyoagizwa, na bado mvua imenyesha. Msomaji hapewi ufafanuzi. Je, zimwi liliridhika kwa utiifu wa mtoto, au wazee walikosea tangu mwanzo? Ogot hajibu, na kwa kutojibu amempa mtoto wa mtemi kitu ambacho mighani ilimnyima: maisha baada ya kisa. Hadithi fupi inaanza kufanya kazi yake pale hasa ambapo mighani inanyamaza. Mwana wa Liyongo hakupata nafasi hiyo, kwa sababu utenzi unamhitaji kwa tendo moja tu, kisha unamtupa.

5.0 Deni kama kiini cha fantasia

Mfano wa karibu katika Kiswahili ni riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka (2001), ambamo mzimu wa babu humtokea mjukuu aliyeneemeka kwa ufisadi na kumlazimisha kuitazama nchi aliyoifilisi. Ajabu katika riwaya hiyo haimpi mjukuu nguvu, inamdai. Fantasia hapa ni mdai anayebisha mlango usiku. Kielelezo hiki kimo ndani ya fasihi ya Kiswahili tayari, na kinaafikiana na mighani za ziwa kuliko kielelezo cha damu yenye nguvu.

Mwandishi atakayemwandikia mtoto wa Nyamgondho ana malighafi tele katika mwambao wa Sori. Sangara, anayeitwa mbuta na Wajaluo, aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 alizaa utajiri wa ghafla kwa wengi, wakati samaki wengine wengi wa asili wakitoweka. Kisha mavuno yake nayo yakapungua. Utajiri uliotoka majini na kurudi majini si sitiari ya mbali kwa mtoto wa mvuvi. Zaidi ya hayo, kuna desturi iitwayo jaboya, ambapo mwanamke mchuuzi hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ili auziwe samaki. Anayeisoma mighani ya Nyamgondho akiwa na desturi hiyo akilini hawezi kuisoma kama onyo dhidi ya ulevi pekee. Mwanamke wa ziwani alileta mali na akatukanwa kwa kukumbushwa alikotoka. Mtoto wa Nyamgondho akisimama ukingoni leo, deni lake ni kwa mwanamke huyo, na linadaiwa kila asubuhi mashua zinapotia nanga.

Pingamizi mbili zinaweza kutolewa. Ya kwanza ni kwamba usomaji huu unaigeuza fantasia kuwa somo la maadili na kuinyang'anya furaha yake. Pingamizi hii ina uzito, kwa kuwa uhakiki wa Kiswahili kwa muda mrefu ulipenda kuuliza ujumbe kabla ya kuuliza hadithi. Lakini deni si ujumbe. Deni ni msuko: linaleta mdai, mdaiwa, muda wa mwisho, hila za kukwepa na hofu ya kukutana njiani. Mwandishi anayelijua deni la mhusika wake hahitaji kuhubiri. Nguvu za kurithi, kinyume chake, humpunguzia mwandishi kazi na humpunguzia msomaji wasiwasi, kwani mshindi anajulikana tangu ukurasa wa kwanza.

Pingamizi ya pili ni kwamba kijana wa Sori, ambaye ameona mengi yakipungua, anastahili kusoma kuhusu mtoto mwenye nguvu. Hii ndiyo pingamizi nzito zaidi, na haiwezi kukanushwa kwa nadharia. Hata hivyo, Oganda anatoa jibu. Yeye hana nguvu zozote za kimiujiza. Anao ujasiri wa kutembea hadi ukingoni na mtu mmoja wa kumfuata. Hadithi yake haimwambii msomaji kijana kwamba atashinda kwa sababu ya baba yake. Inamwambia kwamba anaweza kuondoka ukingoni akiwa hai, na kwamba mvua haitakoma kwa sababu hiyo.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ukimya wa mighani kuhusu mtoto wa jagina una sababu ya ndani: jagina hazikwi, hivyo mirathi yake haigawiki. Mtoto anapojitokeza, hujitokeza kama mtu wa kubeba deni, na hubeba ama kwa kuua, kama mwana wa Liyongo, ama kwa kutolewa, kama Oganda. Hadithi fupi ya kifantasia ina fursa ya kumpa njia ya tatu, lakini haitaipata kwa kumvika mtoto huyo damu ya kuazima. Dawa ya deni ni kulipa, wasema wahenga. Namna ya kulilipa deni la mzazi bila ya kufa kwa ajili yake ndilo swali ambalo mighani iliwaachia waandishi. Mti wa Nyandiwa hauna habari ya mirathi. Umesimama tu, ukiegemea mkongojo, na watoto wa mwambao hupita chini yake wakielekea shuleni.