Picha ya Amana

Filamu ina maadui watatu Lamu: joto, chumvi na unyevu. Joto hulainisha utando wa jelatini unaobeba chembe za fedha. Chumvi hula skrubu na springi za kamera. Unyevu wa masika nao huotesha ukungu ndani ya lenzi, ukaja kuugundua siku ambayo picha zako zote zimepata utusitusi. Mtu mwenye akili zake atakuambia hapa si mahali pa kamera ya mkanda, hasa leo, ambapo kila nahodha na kila mwenye punda ana simu inayotoa picha safi kuliko studio nyingi za zamani. Mimi nasema hapa ndipo mahali pake, na sababu yangu si uzuri wa picha.

Sababu ni mji wenyewe. Waliojenga Lamu walipima vizuri nani aone nini. Ukuta wa mawe ya matumbawe ni mnene, dirisha la kuelekea njiani ni dogo au halipo kabisa, na mgeni huketi dakani, kwenye baraza ya mlangoni, mpaka akaribishwe. Hata mwanga hauingii ovyo: hushukia kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, ukapita chumba hata chumba, na ukifika ndani kwenye zidaka, vishubaka vya ukutani, umeshapungua nguvu. Katika mji wa namna hii simu haina simile. Mtu ameshapigwa picha kumi kabla hajageuza uso, na kabla hajafika kwake zimeshavuka bahari.

Mkanda wa milimita 35 una picha 36. Ule mpana wa 120, ukiutia kwenye kamera ya picha za mraba, unakupa 12 tu. Kila picha ina bei yake, na mkanda wenyewe haupatikani duka la jirani. Ukiwa na 12 mfukoni hupigi picha kwa kuibia. Utasimama, utatoa salamu, utaulizwa wewe ni wa nani, utaomba, utapima mwanga, ndipo ubonyeze. Ubahili wa filamu unakufundisha kubisha hodi.

Katika kijiji cha Matondoni nilimwomba fundi mmoja wa majahazi nimpige picha akikalafati. Alikuwa akishindilia pamba katikati ya mbao kwa patasi butu, nyundo ikigonga kwa mwendo mmoja usiobadilika. Nilipiga mbili. Alipopumzika akanyoosha mkono: “Hebu nione, mwanangu.” Nikamgeuzia mgongo wa kamera, ambao hauna kitu ila ngozi nyeusi. “Bado, mzee. Mpaka ioshwe.” Akaigeuzageuza, akanirudishia. “Haya. Basi mimi nakudai.”

Na kweli alikuwa ananidai. Utamu wa kazi hii, kwangu, umo ndani ya deni hilo. Picha ya simu huishia palepale: mmeitazama, mmecheka, mmeifuta. Picha ya filamu hukufanya uwajibike kwa mtu mpaka siku utakaporudi na karatasi mkononi.

Wapiga picha wa mwambao waliishi kwa madeni ya aina hii. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, N. V. Parekh akafungua yake Mombasa mwaka 1942. Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932, akajifunza kazi mwenyewe, na Bakor Studio yake ikajulikana tangu miaka ya 1960 mpaka alipofariki mwaka 1993, na baada yake. Bakor hakuridhika na kile lenzi ilichokiona. Alikata, akaziba, akaunganisha picha na picha ndani ya chumba cha giza, sura ya mtu ikachomoza mahali ambapo mwenyewe hakuwahi kusimama. Yote hayo kwa mkasi, karatasi na mikono, na akikosea anaanza upya.

Mteja wa studio hizo aliondoka bila kuona chochote. Mama wa watu aliyefunua uso mbele ya kamera aliiacha negativu yake kwa mwanamume asiye mahramu wake, na amani yake yote ilitegemea uaminifu wa yule bwana. Leo kadi nyingi za harusi pwani zinakataza simu na kamera, na mlangoni kuna akina mama wa kuzikusanya. Siwalaumu. Picha imekuwa nyepesi mno kuikabidhi kwa mtu.

Kuosha nako kuna raha yake, na Lamu inakutoa jasho. Filamu ya HP5 ya Ilford, ukiitia kwenye dawa ya ID-11 isiyozimuliwa, huchukua dakika 7 na nusu kwa nyuzi 20. Maji ya bomba hapa hayajui nyuzi 20. Basi unanunua barafu, ileile ya wavuvi, unaizungusha nje ya chupa ya dawa. Ukiitia ndani umeizimua. Au unakubali nyuzi 24 na kupunguza muda hadi kama dakika 5, ambapo kuchelewa kidogo tu kunaonekana. Tangi unalipindua mara nne mwanzo wa kila dakika, kisha unaliacha. Suuza ya mwisho nafanya kwa maji ya mvua, maana ya kisima huacha madoa ya chumvi.

Dunia nayo imeanza kuirudia filamu. Kodak, iliyoomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2012, bado inauza filamu, na mwaka 2024 Pentax ilitoa kamera mpya kabisa ya mkanda. Vijana wanaitafuta. Ila nawaomba wa kwetu wasianze dukani. Waanze kwa bibi, kwenye lile bati la biskuti lililo juu ya kabati. Wakilifungua na kupokelewa na harufu ya siki, wajue filamu za zamani zinaoza, na siki hiyo huambukiza zilizo jirani. Wazitenge, wazitoe kwenye plastiki, wazitie bahasha za karatasi, waziweke pakavu penye baridi, kisha wazipige skani moja moja. Hapo simu na kompyuta zina kazi ya heshima. Na kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, wamuulize bibi ni ipi inayoruhusiwa kutoka nje. Asiyeweza kutunza amana ya picha ambazo wengine walishapiga, kamera mpya ya nini?